Mapeltasti waliwapigaje Wasparta pale Lechaion?

mtu_wa_wete:
Asalam alaykum jamani. Mie nasoma historia mwenyewe tu, nimefika hapa pa mwaka 390 KK karibu na Lechaion, bandari ya mji wa Corinth huko Ugiriki, kikosi cha Wasparta kama watu 600 kimepigwa na mapeltasti, yaani watu wa mikuki ya kurusha, wamekufa kama 250. Sasa Wasparta si ndo waliofunzwa vita tangu wadogo, wana ngao kubwa na mkuki mrefu, na hao wengine hawana hata deraya. Vipi yakhe?

bin_mkoani:
Waalaykum salaam. Uzito ndo uliowamaliza. Peltasti kachukua pelte, kingao cha fito kimevikwa ngozi ya mbuzi au kondoo, na mikuki yake bas. Jemadari wao Iphicrates wa Athens akawaachia wanarusha wanakimbia, wanarusha wanakimbia. Wasparta wakatoa vijana wao wakawafukuze, hawawapati, na wakigeuka kurudi kwa wenzao ndo wanapigwa mgongoni na ubavu usio na ngao. Wakatoa wengine tena, mambo yale yale. Hata farasi wao walipofika walikwenda sambamba na askari wa miguu badala ya kuwafukuza adui mpaka mwisho, na hili huniuma kila nikilisoma maana farasi ndo pekee wenye mbio za kuwapata.

Mwanakwerekwe77:
Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 425 KK kisiwani Sphacteria walizungukwa na watu wa mishale, mawe na mikuki, vumbi na majivu, hawaoni hawasikii amri, mwisho 292 wakajisalimisha wazima. Ugiriki nzima ilishangaa.

bonde_la_mpunga:
Msiwasahau watu wa teo. Babu yangu akiamia mpunga kwa teo, jiwe likitoka unasikia mvumo tu, ndege wote juu. Basi Warhodes, watu wa kisiwa cha Rhodes, walikuwa wanatupa vipande vya risasi, yaani madini yenyewe, vidogo lakini vinakwenda mbali mara mbili ya mawe ya Waajemi yaliyojaa kiganja. Xenophon, mmoja wa viongozi wa jeshi la Wagiriki, alipokuwa anarudi nalo kutoka Uajemi 401 KK aliandikisha 200 usiku mmoja, na baadaye walipoanza kutupa adui akarudi nyuma upesi.

mtu_wa_wete:
Mashaallah, nimeelewa. Na huo mkuki ulirushwa kwa mkono mtupu?

bin_mkoani:
La, ulifungwa kigwe cha ngozi katikati, unatia vidole viwili, ukiurusha kigwe kinauzungusha ndo unakwenda mbali na haupepesuki.