Zumari la Unguja: Tabora na Ujiji zilikuwa kweli chini ya Sultani?

Mwl_Isevya (Tabora):

Wakuu, mwangaluka. Nafundisha historia kidato cha tano na kila mwaka nakwama kwenye ramani ileile. Imepakwa rangi moja kutoka Unguja mpaka Ujiji, kwamba yote ni milki ya Sultani wa Zanzibar. Ukifunua ukurasa wa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886, rangi yote imefutika isipokuwa utepe wa pwani.

Wanafunzi wanabana, na wana haki. Kama Tabora ilikuwa ya Sultani, kodi hapa alikusanya nani? Askari walikuwa wapi? Na dola iliyokuwa na Waarabu wa Kiibadhi, Waswahili wa Kisuni, Mabaniani, Makhoja na makabila ya bara yasiyo Waislamu, ilisimamaje miaka yote hiyo kisha ikaporomoka ndani ya miaka michache? Ule msemo wa zumari kupigwa Unguja watu wakacheza mpaka kwenye maziwa wanaujua. Wanataka kujua lilivyopigwa. Orodha ya masultani ninayo, nieleweshe utendaji wake.

Mnyanyembe:

Mhola, mwalimu. Ifute kwanza ile rangi. Chora utepe mwembamba wa pwani, halafu mstari mmoja wa kilometa 800 hivi kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na mwingine wa kilometa 400 hivi kutoka Tabora hadi Ujiji. Kwenye utepe Sultani alikuwa na maliwali (magavana wake), forodha na majemadari wa Kibalushi. Kwenye mstari alikuwa na wafanyabiashara wenye madeni pwani. Ukilishika hilo, maswali yako mengi yanajijibu.

Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alipowashinda Mazrui, watawala wa Mombasa, mwaka 1837 hakuwa na haja ya kuiteka bara. Alihitaji kila pembe ya ndovu inayotoka bara ipite kwenye mlango wake. Mkataba wake na Marekani wa 1833 ulimfunga kutoza asilimia 5 tu kwa bidhaa zinazoshushwa, kwa hiyo faida kubwa ilibidi itafutwe kwingine. Tazama mkataba wa Waingereza wa 1839: pembe na sandarusi (gundi ya miti) za Mrima, yaani pwani ya kutoka Mtangata hadi Kilwa, zimetengwa, mgeni haruhusiwi kwenda kuzinunua huko. Hicho ndicho kifungu cha kuwasomesha wanafunzi. Pembe za Unyamwezi zilitozwa pale pwani ushuru mzito kuliko za sehemu nyingine. Jibu la kwanza basi: kodi ya Tabora ilikusanywa Bagamoyo.

Na Sultani hakuikusanya yeye. Aliikodisha forodha nzima kwa tajiri wa Kihindi aliyelipa kiasi maalumu kwa mwaka na kubaki na kinachozidi. Nyumba ya Jairam Shivji iliishika kwa miongo. Mwaka 1859 kodi hiyo ilikuwa kama reale (sarafu za fedha) 196,000, na karibu mapato yote ya Seyyid Majid, mwanawe Said aliyemrithi Zanzibar, yalikuwa hayo. Tajiri mwingine wa Kihindi, Tharia Topan, alipoichukua 1876 ilikuwa imefika reale 450,000. Mtu huyohuyo mwenye forodha ndiye aliyewakopesha wafanyabiashara nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya na baruti za kwenda nazo bara, wakalipa kwa pembe baada ya miaka miwili au mitatu kwa bei aliyoipanga yeye. Mwarabu wa Tabora aliyegoma kumtii Sultani angefungiwa mkopo, na bila mkopo hana nguo, bila nguo hapati pembe wala wapagazi. Sultani alikuwa na kamba ndefu na ncha yake ilikuwa dukani.

Hesabu ya ubaoni, maana bila hesabu wanafunzi hudhani msafara ni matembezi. Frasila moja ni ratili 35, kama kilo 16. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili. Pembe za frasila 1,000 zinataka watu 500, mbali na kirangozi, kiongozi wa njia mwenye bendera, wanyampara na askari. Posho ni kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, tuseme robo tatu ya kilo. Tabora hadi pwani kwa mwendo wa siku 90, hao 500 wanakula vibaba 45,000, zaidi ya tani 30, na chakula hicho kinanunuliwa njiani kwa doti za nguo. Punda hawafai, mbung'o huwaua. Ukifika Ugogo, nchi kavu yenye visima vichache, watemi wanadai hongo (ushuru wa kupita) na huna pa kuzungukia kwa sababu maji yako kwao. Ukigoma unakaa kambini, kila siku ya kukaa ni vibaba 500 vingine, na wapagazi wanaanza kutoroka na mizigo. Msafara uliharibikia hapo kuliko vitani.

Sasa na wewe mwalimu mwambie mwanafunzi apeleke jeshi kwa njia hiyo.

Mwana_Ujiji:

Nakubaliana na Mnyanyembe kuhusu forodha, ila picha yake ni ya Tabora mno. Ujiji hata ile kamba ililegea.

Huku waliotangulia kukaa na kushika biashara walikuwa Waswahili wa Mrima zaidi ya Waomani. Mkubwa wao, Mwinyi Heri, alikuwa mtu wa Mrima. Ardhi ilikuwa ya Waha na machifu wao, na wageni walikaa kwa kuelewana nao. Sokoni sarafu ilikuwa sofi, shanga zilizofanana na vipande vya shina la kiko, si reale ya Sultani. Chumvi ya Uvinza ilikuwa na soko lake kabla Seyyid Said hajazaliwa, na iliendelea kuuzwa bila kumuuliza mtu wa Unguja.

Bendera ya Sultani iliinuliwa rasmi Ujiji mwanzoni mwa miaka ya 1880. Tazama wakati huo. Wamisionari wa London walifika 1878, wa Kikatoliki wakafuata 1879, na Wabelgiji walikuwa wanakuja ziwani. Wakubwa wa Ujiji waliitafuta bendera kama kinga, na Mwinyi Heri akatambuliwa liwali. Hata Tabora liwali wa Sultani alikuwa naye mfanyabiashara mwenye pembe zake na mahasimu zake. Ukimpa mtu wa namna hiyo kesi ya deni, hukumu yake inategemea nani mdeni.

Kuhusu mchanganyiko wa watu, hapo utawala ule ulikuwa na busara fulani. Unguja palikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisuni, kila mmoja kwa watu wake. Wahindi walimaliza mambo yao ndani ya jamaa zao. Bara, Mnyamwezi alihukumiwa na mtemi wake na Muha na chifu wake. Hakuna aliyelazimishwa dini wala sheria. Ubaya wake ni kwamba hakuna pia aliyefungwa na dola kwa kitu kingine zaidi ya faida. Na hili lisipitwe: watumwa walionunuliwa na kutekwa huku walikuwa sehemu ya faida hiyo, kuanzia mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba mpaka mashamba ya Waarabu palepale Tabora. Ukifundisha ustaarabu wa forodha ukaacha hilo, umefundisha nusu.

Mwl_Isevya:

Asanteni sana, wakuu. Mmenifungua hasa kwa hesabu ya vibaba. Lakini pana jambo. Waarabu wa Tabora walimwondoa mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe, nchi ambamo Tabora ipo, na kumweka Mkasiwa. Huo si utawala? Na kama waliweza hilo, kwa nini Mirambo, mtemi wa Urambo, aliwashinda?

Mnyanyembe:

Swali zuri, mwalimu. Fundikira, mtemi aliyetangulia, aliwaacha Waarabu bila kuwatoza, nao wakaoa kwake: babake Tippu Tip, yule mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alimwoa Karunde, binti Fundikira. Fundikira alipofariki, Mnywa Sele akataka ushuru kwa kila mali inayoingia Unyanyembe. Ni dai la haki la mwenye nchi. Waarabu wakaungana na ndugu zake waliokosa kiti, wakamfukuza mwaka 1860, akakaa Mkasiwa. Walichofanya ni kuegemea upande mmoja katika ugomvi wa urithi. Bunduki zao chache zilitosha kwa kuwa Wanyanyembe wenyewe walikuwa wamegawanyika. Hata hivyo Mnywa Sele aliendelea kuvamia misafara mpaka alipouawa 1865. Miaka mitano ya njia mbovu kwa ajili ya kukwepa ushuru.

Mirambo wa Urambo hakuwa mgombea wa kiti cha Unyanyembe ambaye ungeweza kumwekea ndugu mpinzani. Alijenga nguvu nje yao, kwa rugaruga, vijana wenye bunduki walioishi kwa vita, na alikaa juu ya njia ya Ujiji. Mwaka 1871 aliuzuia msafara uliokuwa unakwenda Ujiji, akadai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Akalipwa, kisha akasema hakuna kupita. Waarabu wakamwendea, wakateka vijiji, wakapakia nyara. Wakiwa wanarudi wameelemewa na mizigo, akawavizia na kuwaua wengi. Agosti mwaka huohuo akaingia Tabora yenyewe, sehemu ya mji ikachomwa na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa.

Makosa yao yanaonekana wazi. Kila tajiri aliongoza watu wake, hakuna amiri mmoja. Wanyamwezi waliokodiwa walipigania nyara, wakizipata wanaondoka. Na baruti iliyowaua waliiuza wao, maana hongo ya bunduki na baruti ni silaha unazomkabidhi adui wa kesho. Seyyid Barghash, Sultani wa wakati huo, alituma askari kutoka pwani, lakini warudie vile vibaba: jeshi linakula njia nzima kama wapagazi na halirudi na pembe. Walikaa wakala, Mirambo hakuondoka, wakaitwa pwani. Mwisho njia ilifunguka kwa mapatano naye. Alikufa Desemba 1884 akiwa bado mtemi wa Urambo, hakushindwa na mtu.

Kwihara:

Naomba nimalizie upande wa kuanguka, maana watu hukimbilia mizinga ya Wajerumani na kusahau kilichooza kabla.

Mwaka 1861 dola ilikatwa vipande viwili baada ya Seyyid Said kufa 1856 na wanawe kugombana: Oman kwa Thuwaini, Zanzibar kwa Majid. Muamuzi alikuwa Gavana Mkuu wa Kiingereza wa India, na Zanzibar ikapangiwa kulipa Oman reale 40,000 kila mwaka. Kuanzia hapo nani awe Sultani likawa jambo la kuulizwa kwa balozi wa Kiingereza.

Kidonda kikubwa kilikuwa palepale Mnyanyembe alipopasifu, kwenye forodha. Wahindi walioshika fedha yote ya dola walihesabiwa kuwa raia wa Mwingereza. Hazina ya Sultani ikawa mikononi mwa watu ambao ulinzi wao uko kwa balozi. Aprili 1872 tufani ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Barghash alitia saini kufunga biashara ya watumwa baharini, baada ya kutishiwa kuzingirwa kwa manowari. Jambo lenyewe lilikuwa jema. Lakini Sultani aliyetia saini kwa vitisho alikuwa ameonekana na kila liwali.

Barghash alijaribu kwa dhati kujenga dola ya kweli. Alimpa Mathews, afisa Mwingereza, kazi ya kuunda jeshi la kudumu kuanzia 1877. Muda haukutosha. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi. Februari 1885 Berlin ikazitambua. Barghash alipopinga, Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri yake.

Mwalimu, jibu la ramani yako ni hili. Iliundwa tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa kuchunguza milki ya Sultani ni ipi. Walitafuta ngome, askari na forodha. Deni halionekani kwa darubini. Tabora, iliyokuwa na liwali wa Sultani kwa miaka mingi, haikuhesabiwa. Mkataba wa 1886 ukamwachia utepe wa maili 10 na visiwa. Mwaka 1888 ukodishaji uleule wa forodha aliouzoea ukafanywa kwa kampuni ya Kijerumani, na safari hii mpangaji akaja na bendera yake. Ndipo Abushiri akaamka Pangani na Bwana Heri Saadani, dhidi ya Wajerumani bila kumsubiri Sultani. Mwaka 1890 Ujerumani ikamalizia kununua pwani kwa marki milioni 4.

Mwana_Ujiji:

Kwihara, nyongeza moja: bara haikukabidhiwa kwa karatasi hiyo. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana na Wajerumani mpaka Januari 1893, akajilipua kwenye ghala la baruti ndani ya boma lake kuliko kukamatwa. Magharibi ya ziwa, vita vya Rumaliza, mfanyabiashara Mwarabu wa Ujiji, na wenzake dhidi ya Wabelgiji vilikwenda mpaka 1894. Kituo cha Wajerumani Ujiji ni cha 1896.

Kwa ramani, mwalimu, tumia penseli tatu. Ya kwanza ukoleze pwani na visiwa. Ya pili nukta tu: Tabora na Ujiji, na uandike pembeni mwaka ambao kila moja ilipata liwali. Ya tatu chora Urambo, Unyanyembe na Buha kwa mipaka yake, halafu upitishe mstari wa msafara juu yake. Wanafunzi wataona wenyewe mstari unapita nchi ya nani.

Mwl_Isevya:

Nimeinakili yote. Jumatatu naanza na vibaba.