Nyumba ya Mzee Kombo 🥥

IJUMAA

Zuhura 19:06
Assalam alaykum wote. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho. Nyonga ya Mama imezidi. Nimeongea na Tatu mchana, anasema tangu Jumanne hajavuka kizingiti cha mlango wa mbele. Kufikia kesho saa 4 asubuhi nataka tujue nani anatoa nini, nani anamfuata Muheza, na Dar analala kwa nani. Mimi naanza: laki na nusu.

Zuhura 19:07
Na msiniambie tutaongea. Kuongea ndiyo huku.

Zuhura 19:31
Naona alama za bluu. Tuko 19 humu.

Shangazi Mwajuma 19:40
Waalaykum salaam mwanangu. Poleni sana. Wifi yangu ni mgongo ule ule wa gunia la machungwa. Mgongo hushuka. Ulikuwa juu, sasa umeteremka nyongani. Hapa Mabawa yuko mama anapiga chuku na kukanda, mafuta ya nazi na karafuu. Siku 7 tu.

Idi Mombasa 19:44
Shangazi, si huyo aliyemkanda Mjomba Rashidi? Aliingia na goti moja bovu, akatoka na mawili 😂

Shangazi Mwajuma 19:45
Idi koma. Mjomba wako alikuwa na yake.

Zuhura 19:46
Idi unatoa ngapi?

Idi Mombasa 19:52
Dada mtandao huku wasumbua

Zuhura 19:52
Wa kuchekea unashika vizuri.

Hadija 20:15
Ndiyo natoka zamu. Dada, kabla ya hela. Tatu wifi yangu, nisaidie mawili. La kwanza, Mama aguse panapouma kwa kidole kimoja, asionyeshe kwa kiganja. Ni kinenani pale mguu unapokunjia? Ni ubavuni pale anapolalia? Au ni takoni na yanashuka nyuma ya paja? Watu wote wakisema nyonga wanashika kiuno, kila mtu anamaanisha pake.

La pili nalitaka leo leo. Mkojo na choo anazuia vizuri? Na sehemu za kukalia hazijafa ganzi?

Idi Mombasa 20:17
Daktari mkuu wa Moshi kaingia, simameni 🫡

Mwanaisha 20:18
😂😂😂 Idi na wewe, umesahau alivyokuchoma sindano siku ya Idi?

Idi Mombasa 20:19
Nilikwenda kusalimia tu wallahi! Nikatoka nachechemea na biriani sijala

Mwanaisha 20:19
😂😂😂😂

Binamu Hamisi 20:22
Biriani ile alikula Mjomba

Hadija 20:31
Jamani swali langu la pili.

Zuhura 20:33
Hadija mdogo wangu, tusirudi mwanzo. MRI tulishampiga 2022. Pingili ya nne na ya tano, diski imetoka inagusa neva. Ugonjwa unajulikana. Arudi kwa daktari yule yule, basi.

Hadija 20:40
MRI ile ilikuwa ya kiuno, dada. Karatasi ninayo. Mashine inapiga pale ilipoandikiwa. Nyonga haikuwamo. Kwa hiyo kusema "alishapigwa" ni sawa na kusema chumba cha kulala hakina nyoka kwa sababu tumemulika jikoni.

Idi Mombasa 20:41
Huyo nyoka ni mie nishamkimbia 🐍

Hadija 20:44
Idi tafadhali. Neva za chini ya mgongo zikibanwa ghafla, dalili ni hizo nilizouliza. Hapo hamsubiri Jumatatu wala mchango, ni hospitali usiku ule ule na pengine upasuaji. Mkichelewa mtu anabaki hazuii mkojo maisha yake yote. Tatu upo?

Bakari 21:50
Tatu kalala, simu yake iko chaji. Mkojo sijasikia kitu.

Nimetoka shamba sasa hivi. Nimesoma yote. Laki na nusu imetangazwa vizuri sana. Hesabu ya 2022 ilitangazwa wapi?

Zuhura 21:52
Bakari usianze. Risiti nilizileta kwenye arobaini ya Mzee, ukazishika kwa mkono wako.

Bakari 21:54
Za hospitali nilizishika. Hela ya Pongwe haikuja na risiti.

*Mjomba Rashidi ameondoka kwenye kikundi*

Zuhura 21:55
Ona sasa.

Zuhura 21:55
Ya Pongwe muulize aliyetia sahihi, mimi nilikuwa uzazini.

Bakari 22:03
Sawa. Nyinyi mnamwona kwenye simu ya video ameshakaa, kajifunga mtandio, anacheka. Mimi namwona akipanda bajaji. Anakaa kwanza mgongo kwa ndani, kisha anaushika mguu wa kushoto kwa mikono miwili chini ya paja, anaunyanyua anauingiza. Kama anapakia mzigo wa mtu mwingine. Halafu anamwambia dereva "twende baba, samahani kukuchelewesha." Hiyo mchango wake ni shilingi ngapi?

Zuhura 22:20
*Ujumbe huu umefutwa*

*Zuhura amemwongeza Mjomba Rashidi*

Mjomba Rashidi 22:41
Nilibonyeza vibaya

JUMAMOSI

Salim Muscat 05:58
Salaam. Nimeamka nimekuta jumbe 61. Natuma rial 40 leo baada ya kazi. Nazituma kwa Tatu moja kwa moja, msinielewe vibaya.

Zuhura 06:10
Nimekuelewa vizuri kabisa kaka.

Shangazi Mwajuma 07:15
*Umetumwa mara nyingi*
TANGAWIZI NA HABASODA KIBOKO YA MIFUPA. Usikae nao, watumie ndugu 10...

Baba Mkubwa Athumani 09:12
Nimesoma. Macho yangu mabaya, nimesoma polepole na miwani ya mjukuu.

Marehemu mdogo wangu aliumwa miezi saba na kikundi hiki kilikuwepo. Maneno yalikuwa mengi kuliko haya. Tulibishana hospitali, tukabishana gari, tukabishana nani kachanga na nani hakuchanga. Siku ya kumpeleka makaburini hakubisha mtu, magari yalipatikana.

Mtoto mdogo kuliko nyinyi wote kauliza swali jana saa 2 usiku. Sasa ni saa 3 asubuhi, hajajibiwa. Tatu mwanangu, kaa chini na mama mkwe wako. Muulize, uandike anavyosema yeye. Wengine wote mnyamaze mpaka aandike.

Tatu 10:38
Shikamoo Baba Mkubwa. Samahani Hadija, jana nililala mapema na mtoto ana homa. Nimekaa naye barazani, naandika kama anavyosema.

Mkojo mzima. Choo kizima. Ganzi hana popote.

Kidole ameweka kinenani, kushoto, ndani kabisa. Takoni hakuna. Ubavuni kidogo akiulalia.

Anasema: "Mgongo naujua. Miaka 14 naishi nao, najua ukiamka na ukilala. Nikikaa sana unanuna, nikijinyoosha mkekani unatulia. Hii ya nyonga ni mgeni. Nikijinyoosha haitulii. Nikisimama kutoka kwenye kiti, hatua tatu za mwanzo ndizo zinanitoa machozi, nikishazoea naenda. Usiku nikigeuka naamka. Nilimwambia daktari kule tulikokwenda mara ya mwisho, akaangalia karatasi ya mgongo akasema ni mgongo huo mama, umri. Nikanyamaza. Na nyinyi mkasema mgongo. Nikanyamaza."

Kuswali anaswali kwenye kiti tangu mfungo sita.

Mimi naongeza langu. Mbuzi ya nazi hakai tena. Nyonga haikunji mpaka pale chini. Juzi nilimkuta kaiweka mbuzi juu ya meza, anakuna kasimama, mkono mmoja kashika ukuta. Nikamwambia nipe mimi mama, akasema wewe unakuna na vifuu.

Mwanaisha 10:41
😢

Idi Mombasa 10:55
Ya Rabbi. Natuma elfu 5 za huku leo. Si kesho.

Hadija 11:20
Ahsante sana Tatu. Ya mkojo nimepumua.

Simpimi kwa simu, lakini kinenani mara nyingi ni kiungo chenyewe cha nyonga. Anayeumwa na neva ya mgongo kwa kawaida yanashuka takoni mpaka chini ya goti. Si sheria, zipo neva za juu kidogo ya kiuno zinazopeleka maumivu kinenani, ndiyo maana lazima daktari amlaze, aukunje mguu, auzungushe, aone. Huenda ni gegedu, ule mto wa kiungo, limelika. Huenda ni kingine. Mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili, la kwanza kuwa na cheti hakulifuti la pili.

Tatu, dawa anazomeza. Zote. Piga picha pakiti.

Tatu 11:34
*Picha*
Hizi tatu. Ya presha, ya maumivu, na hii nyeupe ndogo anameza mbili kila asubuhi. Inampa nafuu kweli, uso nao umenawiri.

Hadija 11:36
Hii nyeupe kaandikiwa na nani?

Tatu 11:37
Ni ya duka la dawa. Tangu kabla ya Ramadhani. Ile kopo ya kwanza ililetwa.

Hadija 11:37
Na nani?

Shangazi Mwajuma 11:49
Nilileta mimi. Zilinisaidia mimi magoti. Nimekosea nini?

Hadija 11:58
Shangazi sikulaumu, hata hospitali wanazitoa kwa magonjwa yake. Ila hizi ni jamii ya steroidi. Uso kujaa si kunawiri. Kwa muda mrefu zinapandisha presha na sukari, zinadhoofisha mifupa, na zinaweza kuzuia damu kufika kichwa cha mfupa wa paja. Kile kichwa kikikosa damu kinaanza kufa taratibu. Na eksirei ya mwanzoni inaweza kutoka safi kabisa, MRI ndiyo inaona mapema. Sisemi ndiyo ugonjwa wake. Nasema daktari lazima aambiwe, na kopo aende nalo mkononi.

Tatu sikiliza: ASIZIACHE GHAFLA. Mwili umeshazizoea, zinapunguzwa kidogo kidogo na daktari. Ya kusimamisha leo ni diklofenaki, ile ya maumivu. Hizo mbili pamoja zinatoboa tumbo, na presha yake hiyo na figo. Parasetamoli inatosha kwa sasa, asizidishe vidonge vilivyoandikwa.

Chuku na kukandwa hapana kwanza. Kama mfupa ni dhaifu hatuwezi kujua nini kitavunjika.

Shangazi Mwajuma 12:15
Haya.

Hadija 12:16
Na atembelee fimbo. Aishike mkono wa KULIA, upande usiouma. Watu wengi wanaishika upande wa ugonjwa, haisaidii.

Idi Mombasa 12:20
Fimbo si ipo, bakora ya Mzee. Wote mwajua iko kwa nani 🤐

Baba Mkubwa Athumani 12:22
Idi.

Idi Mombasa 12:22
Samahani Baba Mkubwa

Zuhura 12:51
Iko kwangu, nyuma ya mlango. Sikuiba, nilipewa na Mama mwenyewe. Itakuja.

Tatu 13:05
Mama anacheka. Anasema bakora hataki, ataonekana mzee. Anatembelea mchi.

Bakari 13:06
Kweli. Mchi wa kinu. Asubuhi nilidhani anakwenda kutwanga.

Mwanaisha 13:07
😂😂😂😂😂

Zuhura 14:30
Haya tufunge. Jumatatu Bakari anampandisha basi la saa 12 asubuhi, mimi namsubiri stendi ya Magufuli, Jumanne tunakwenda MOI Muhimbili, taasisi ya mifupa.

Hadija 14:44
Dada, masaa 5 na zaidi ndani ya basi amekunja nyonga, si sawa. Na bila rufaa bima itamkatalia au mtalipa wenyewe. Aanzie hospitali ya Bombo hapo Tanga, eksirei ya nyonga ZOTE MBILI ili walinganishe, waandike rufaa, ndipo Dar. Mkifika mkiandikiwa MRI, hakikisheni karatasi imeandikwa nyonga. Kama wanataka na kiuno, viandikwe vyote.

Zuhura 14:47
Bombo tena, foleni, njoo kesho, wiki imekwisha. Mimi nimeomba ruhusa kazini ya siku tatu tu.

Shangazi Mwajuma 14:50
Wakija Bombo wanafikia kwangu. Chumba cha chini kipo, hakina ngazi. Sitamkanda.

Bakari 15:10
Jumatatu wanunuzi wanakuja shambani na lori, wameshatoa kishika uchumba. Siwezi. Jumatano naweza.

Zuhura 15:11
Kwa hiyo machungwa.

Bakari 15:13
Machungwa ndiyo yanayomlisha huyo Mama siku ambazo hakuna anayeandika laki na nusu.

Salim Muscat 18:02
Nimetuma. Tatu angalia simu.

Tatu 18:09
Imefika kaka, Allah akuzidishie. Nitaandika kila shilingi kwenye daftari la mtoto.

JUMAPILI

Zuhura 20:05
Mpaka sasa: Zuhura laki 1 na nusu. Salim ametuma. Idi ametuma nusu yake. Hadija elfu 80. Mwanaisha elfu 20. Hamisi ameahidi. 13 hawajasema kitu.

Nimeongea na Baba Mkubwa. Bombo kwanza. Mimi nakuja mwenyewe usiku huu kwa gari ya shoga yangu, kiti cha mbele kinalala, nitaweka na mto. Jumatatu Bombo. Rufaa ikitoka siku hiyo tunaunganisha Dar, isipotoka naomba mtu wa kubaki naye kwa Shangazi kuanzia Jumanne.

Zuhura 20:06
Nani?

Mwanaisha 20:30
Ningekuja ila watoto wana mitihani 🙏

Binamu Hamisi 20:34
🙏

Zuhura 20:58
Bakari, Jumanne mchana unaweza kufika Tanga ukakaa naye mpaka Alhamisi? Ya Pongwe tutakaa mimi na wewe, si humu.

Bakari 21:40
👍

Zuhura 21:41
Hilo dole ni ndiyo, au ni nimesoma?

Zuhura 22:15
Bakari?

Tatu 22:29
Amelala wifi. Mama anauliza bakora umepakia.