Misumari ya nyuzi 21 inaingia kwenye mashine ya 30–34?

msumeno_mkali: Wakuu habari zenu, naomba msaada. Nina mashine ya misumari ya upepo, ile ya kupigia fremu za mbao, ubavuni imeandikwa 30–34 ila kitabu chake sina. Nimeona misumari ya 21 iko kwenye ukanda wa plastiki, urefu inchi 3, muuzaji ananiambia chukua tu itaingia. Ni kweli?

fundi_fremu: Iache mkuu. Hiyo namba ni nyuzi (digrii) za mlalo wa magazini, pale misumari inapokaa, na misumari yenyewe inapangwa kwa mlalo huohuo. Ya 21 ina kichwa kizima cha duara, ya 30–34 inashikwa na karatasi na vichwa vimekatwa upande au vimesogezwa pembeni ndo maana inabanana vile. Ukilazimisha, msumari unafika mdomoni umekaa vibaya, kile chuma cha kusukuma kinaugonga pembeni, unapinda, mashine inakwama. Tafuta ya karatasi, halafu soma kwenye mashine inachukua urefu na unene gani, nyingi ni inchi 2 mpaka 3½ na unene kama milimita 2.9 hadi 3.3. Unene watu wanausahau sana wakati nao unakwamisha.

mzee_wa_paa: Naongezea hapo kwenye vichwa. Kuna sehemu sheria za ujenzi hazikubali kichwa kilichokatwa kwenye kazi za kubeba mzigo, kwa hiyo kama kazi yako inakaguliwa chukua vile vya duara vilivyosogezwa pembeni, vipo pia vya karatasi. Na kama mbao ni za dawa ya shaba usiweke msumari mweupe wa kawaida, italiwa na kutu, weka iliyochovywa kwenye zinki ya moto.

msumeno_mkali: Asanteni sana, nimeelewa. Na ile ya roli iliyofungwa na waya je?

fundi_fremu: Hiyo ni ya mashine yenye ngoma, ya nyuzi 15, kwako haina pa kukaa kabisa. Ukishapata ya karatasi jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao, anza na presha ndogo kama 80 psi upandishe taratibu mpaka kichwa kilale sawa na mbao, usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye mashine. Na ikikwama chomoa mpira wa upepo KABLA hujagusa mdomo wake, hata kama unaona imezima.