Nani alimtungua Richthofen? Ushahidi wa Wop May unatosha?

Mwanzisha mada
Wakuu, Wilfrid "Wop" May, Mkanada aliyekuja kuwa rubani mashuhuri wa maporini, ndiye aliyekuwa akiandamwa na Manfred von Richthofen, rubani mashuhuri wa kivita wa Ujerumani mwenye ndege nyekundu ("Red Baron"), katika Vita Kuu ya Kwanza, tarehe 21 Aprili 1918, bonde la Somme, Ufaransa. Ripoti yake ilisema Kapteni Roy Brown, rubani mwenzake, ndiye aliyemtungua, na Brown akapewa ushindi rasmi. Mimi napinga.

Tazameni jeraha. Risasi moja tu, iliingilia karibu na kwapa la kulia ikatokea jirani na chuchu ya kushoto. Brown alishuka kwa nyuma, upande wa kushoto. Tena baada ya Brown kufyatua, Richthofen aliendelea kumfukuza May kwa karibu dakika nzima. Kwa jeraha lile, nusu dakika ya kushika usukani ni nyingi.

Mchangiaji wa 1
Mkuu, pembe peke yake haiamui. Ndege ikilala ubavu, au rubani akigeuka kitini kutazama nyuma, kulia kwake hakuko tena ulikodhani. Ukubwa wa risasi nao hausaidii: ndege za Waingereza na bunduki za Waaustralia ardhini zote zilitumia risasi za kipenyo cha inchi .303.

Mchangiaji wa 2
Hoja ya muda hujaigusa. Waaustralia wa ardhini wenye bunduki za rashasha aina ya Lewis, Buie na Evans, walimpiga akiwaelekea, kwa hiyo risasi yao ingeingilia mbele. Anayebaki ni Sajini Cedric Popkin, Mwaustralia mwingine, na bunduki yake ya rashasha aina ya Vickers: alifyatua mara ya pili Richthofen alipokata kona kurudi upande wa Wajerumani, ubavu wa kulia ukiwa wazi kwake. Kwangu ni Popkin.

Mchangiaji wa 3
Mpimeni na shahidi mwenyewe. May alikuwa mgeni vitani, ameagizwa akae juu asiingie. Akaingia, akabana vitufe vya bunduki zake muda mrefu mno. Bunduki moja ikakwama, kisha ya pili. Akakimbia chini kabisa, akipinda huku na huku. Mtu wa namna hiyo anageuka nyuma kwa kufumba na kufumbua, anamwona Brown, kisha ndege nyekundu iko chini. Yaliyopita katikati hakuyaona. Simwiti mwongo.

Wala asibaki kwenye historia kama windo tu. Alimaliza vita na ushindi 13. Januari 1929, yeye na Vic Horner walipeleka dawa ya dondakoo Fort Vermilion, kaskazini mwa Alberta, kwa ndege ndogo aina ya Avro Avian isiyo na paa, baridi ikipita nyuzi 30 chini ya sifuri. Dawa isigande, waliifunga blanketi na kuiwekea jiko dogo la mkaa; blanketi zikashika moto angani, wakauzima.

Mwanzisha mada
Nakubaliana kuhusu May. Kinachoniuma ni madaktari: waliuchunguza mwili kwa nje na kuingiza kipimo kwenye jeraha, hawakuupasua. Njia ya risasi ndani ya kifua, iwapo ilinyooka au iligonga mfupa ikapinda, ilizikwa naye.