Ukoo wa Mzee Salehe

[07:12] Zuhura: Assalaam aleikum. Jana nimebonyeza *106# kwenye simu ya Bibi. Kitambulisho chake cha taifa (NIDA) kina laini tatu, yeye anatumia mbili. Ya tatu ya nani? Nimeipiga, haipatikani.

[09:40] Zuhura: Mmesoma wote, naona.

[09:58] Kassim: Bibi kapata mchumba 😂

[09:59] Mwanaidi: 😂😂😂

[10:01] Zuhura: Mtu akitapeliwa kwa hiyo laini, jina litakalotoka ni la Bibi. Polisi watagonga kwake.

[10:04] Zuhura: Anasema yule kijana wa mwamvuli anayesajili laini pale stendi alikuwa anamwambia "bonyeza tena bibi, haijasoma". Kidole kimoja mara nne, tano. Hapo ndipo wanapitisha laini nyingine.

[10:31] Shangazi Swaumu: Mie jana nimeletewa ile ya "hela tuma kwenye namba hii". Nimeifuta.

[10:32] Zuhura: Usifute shangazi, itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Watakuuliza namba iliyokutumia, wape.

[11:05] Baba Mdogo Idi: 📷 Kitambulisho cha Bibi hicho, kitasaidia

[11:05] Zuhura: Baba Mdogo futa! Futa kwa wote!!

[11:07] Baba Mdogo Idi: Kwani humu kuna mwizi?

[11:09] Mwanaidi: Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa kidole zinazimwa, nani alikaa na kitambulisho cha Bibi wiki nzima? Simtaji.

[11:10] Kassim: Nilikirudisha.

[11:10] Mwanaidi: Kama ulivyorudisha hela ya tofali?

[11:11] Shangazi Swaumu: Jamani ya tofali yaliisha

[11:12] Mwanaidi: Kwako yaliisha.

[13:47] Baba Mkubwa: Aliyeweka laini kwa jina la mama yangu aje kwangu kabla ya Ijumaa. Ikifika Ijumaa nakwenda kituoni, na sitauliza ni mtoto wa nani.

[13:52] Shangazi Swaumu: Sawa kaka

[14:20] Kassim: Shikamoo Baba Mkubwa

[16:03] Zuhura: Picha bado ipo. Baba Mdogo, ibonyeze mpaka itokee alama ya kufuta.

[16:05] Zuhura: Na nani atampeleka Bibi duka la mtandao wa simu, hiyo laini ifutwe? Lazima aende mwenyewe na dole gumba lake. Kesho?

[18:30] Shangazi Swaumu: Kesho ana kliniki

[18:31] Zuhura: Alhamisi basi. Bajaji nalipa mimi.

[21:16] Hamisi Muscat: Ndo natoka kazini. Kuna nini? Nani mgonjwa?

[21:40] Kassim: Alhamisi nitampeleka mimi.

[21:41] Mwanaidi: Wewe tena?

[21:44] Zuhura: Kassim, nipigie.