Jaketi okozi, maboya ya mkononi au mwalimu wa kuogelea?

Mama Wawili: Habari wanajukwaa. Shule zimefungwa, tunakwenda kupumzika karibu na maji. Pesa inatosha kitu kimoja tu: maboya ya mkononi ya kujaza upepo, jaketi okozi, au mwalimu wa kuogelea. Kesho nanunua.

Fundi Bwawa: Dada, umri? Kilo? Bwawa au bahari? Jaketi hununuliwa kwa uzito wa mtoto, si kwa kumkadiria kwa macho.

Nahodha Mstaafu: Jaketi, mjadala umefungwa. Ila soma lebo. Lililoandikwa 50N (N ni nyutoni, kipimo cha nguvu ya kumwelesha mtu majini) ni la anayejua kuogelea. Mtoto mtafutie 100N, lenye kola, linaloweza kumgeuza uso ukaangalia juu, na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mvalishe, kisha livute juu mabegani. Likimpanda hadi masikioni, rudisha.

Shangazi K: Hayo maboya ya mkononi sitaki hata kuyaona. Mtoto wa kaka yangu, miaka minne, alivalishwa. Watu wazima tulikuwa sita pembeni ya bwawa, kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia. Boya moja likachomoka, la pili likamlaza ubavu, uso majini. Hakupiga kelele wala kutapatapa. Binti wa miaka tisa ndiye aliyeuliza, "Mbona huyu kanyamaza?" Tulimtoa, akakohoa, akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile. Simu yangu ilikuwa mkononi, nasema ukweli.

Kocha Mbizi: Pole sana, Shangazi. Ndiyo maana nasema mwalimu. Jaketi linavuliwa, ujuzi hauvuliwi.

Nahodha Mstaafu: Kocha, wanaojua kuogelea ndio wanaojirusha kichwa kwanza wasipojua kina.

Kocha Mbizi: Hao hawakufundishwa, walijifunza wenyewe.

Tausi: Nguo ya kuogelea isiwe ya bluu, inapotelea majini. Ya machungwa iliyokoza ndiyo inayoonekana.

Fundi Bwawa: Tausi, tumeulizwa nguo?

Mama Wawili: Samahani, nilisahau. Mmoja ana miaka 3, mwingine 14. Wa 14 kasema havai "vitu vya watoto". Na ni ziwani, tutapanda mtumbwi.

Nahodha Mstaafu: MTUMBWI? Dada, hilo ndilo ungeanza nalo! Asiyevaa jaketi abaki nchi kavu, hata wa 14. Kilo ngapi?

Mama Wawili: Mizani sina.