Tutashikanaje kituoni wakati fedha za polisi zinakatwa?

MwanaLikoni
Salaam wakuu. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, askari polisi huku katikati ya Uingereza, zamu ya dharura. Mei 10 mwaka huu wa 2012 nilikuwa London pamoja na wenzangu zaidi ya 30,000 tuliokuwa mapumzikoni, tukiandamana kupinga hii asilimia 20 inayokatwa. Zilivaliwa kofia nyeusi 16,000, kila moja kwa ajili ya askari mmoja atakayepotea. Wiki iliyofuata Theresa May, waziri wa mambo ya ndani, akazomewa kwenye mkutano wa Shirikisho la Polisi, chombo chetu sisi askari, kule Bournemouth. Hapo tulikuwa kitu kimoja.

Kituoni hali ni nyingine kabisa. Kisheria askari mwenye kiapo hapunguzwi kazi, kwa hiyo panga linawashukia wafanyakazi raia: wapokeaji wa simu za 999, waandaaji wa majalada ya kesi, wahudumu wa mahabusu. Na kwa kanuni ya pensheni iitwayo A19, wazee waliotimiza miaka 30 kazini wanastaafishwa watake wasitake. Sasa jikoni watu wanakaa kimafungu. Juzi mwenzangu kasema kwa sauti, "Bora wapunguzwe wa simu kuliko sisi." Dada wa chumba cha simu alikuwa pale pale, anachemsha maji ya chai. Ni dada huyo huyo aliyekuwa nami redioni usiku nilipokuwa peke yangu mbele ya mtu mwenye kisu, akaniletea magari mawili kabla sijamaliza kutaja mtaa. Akanyamaza, akachukua kikombe chake akatoka.

Limeniuma sana. Mliopo kwenye kazi hii, ninyi mnafanyaje?

MamaSwaleh
Kaka yangu, pole, na umefanya vizuri kulisema. Mimi ndiye huyo wa majalada, kikosi kingine. Sisi wafanyakazi raia tuko Unison, chama cha wafanyakazi, ninyi mko Shirikisho, na wakubwa wanaongea na kila upande chumba chake. Kiti changu kikibaki kitupu, kazi yake haiondoki: ataifanya askari, tena kwa mshahara mkubwa kuliko wangu, na doria itakosa mtu. Hilo tukilisema sisi tunaonekana tunatetea ugali wetu. Likisemwa na askari, lina uzito.

Kikosi kikitaka kupunguza watu 100 au zaidi, sheria ya sasa, mwaka 2012, inadai siku 90 za mashauriano. Njooni humo. Sisi kwetu hakuna askari hata mmoja aliyekuja.

Kijana_wa_Tanga
Mimi nangoja kuajiriwa, maana wamesimamisha kuchukua watu. Ripoti ya Winsor ya Machi, kuhusu malipo ya polisi, inataka askari mpya aanze na pauni 19,000, wakati waliotangulia walianza na zaidi ya 23,000. Tutapanda gari moja, tutapigwa chupa zile zile. Naomba kaka zetu wasikubali hilo kwa sababu tu wao haliwagusi.

Mzee_wa_Mersey
Mwanangu Likoni, someni ya 1919. Mwaka mmoja kabla, polisi wa London waligoma, serikali ikatetemeka. Ilipojipanga, ikapandisha mishahara kwanza, kisha ikaleta muswada wa kufuta chama chao na kuweka Shirikisho lisiloruhusiwa kugoma. Mgomo wa pili ulipoitishwa, London wakatoka wachache tu kwa sababu mfuko ulikuwa umeshajaa. Huku Liverpool ikatoka karibu nusu ya kikosi. Wakabaki peke yao. Wote waliogoma wakafukuzwa, na hakuna aliyerudishwa, wengine wakiwa wamebakiza muda mfupi wapate pensheni. Nimefanya kazi mji huu hadi nikastaafu, na jambo hilo wazee walikuwa bado wanalitaja kwa uchungu.

Kwa hiyo mkiletewa nafuu ya kundi moja, ulizeni kwanza kundi jingine limepewa nini.

MwanaLikoni
Shikamoo mzee, na asante. Dada MamaSwaleh, kwetu mashauriano yameanza mwezi huu. Kesho namfuata mwakilishi wetu wa Shirikisho, nimwombe tuingie pamoja na watu wa Unison, tukiwa na orodha ya kazi ambazo askari watarithi kila kiti kikiondoka. Ile hesabu ya majalada naomba unisaidie: kwa wiki moja, mtu mmoja anaandaa mangapi? Na yule mwenzangu wa jikoni nitakwenda naye, akae asikie.